Fungu la Pili

Walikutana sokoni Bariadi, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba na kila mtu akajiona tajiri. Shigela, mswaga ng'ombe wa mnadani, alivaa shati la mitumba lenye maua. Milembe alikaa nyuma ya meza yake ya michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kitenge cha njano kimemkaa sawasawa.

"Nakwenda Bukundi na lori, narudi na ng'ombe kwa miguu. Siku nne. Nipimie michembe."

"Michembe mitupu siku nne? Utafika umekauka kama yenyewe." Akamfungia mafungu manne. "Anza na viazi vya kuchemsha, havikai. Karanga usiguse mpaka siku ya tatu, miguu ikigoma."

Safari ya tatu walikuwa wapenzi. "Ukimwona bibi yangu Kwandu huko, pita mbali," Milembe alimwonya. "Amefukuza wachumba wangu wawili."

Safari ya nne Shigela aliomba fungu la ziada, karanga zilizotwangwa laini.

"Za nani, mpenzi?"

"Za mtu."

"Mtu huyo hana meno?"

Shigela akacheka, kisha akatazama pembeni. Kule kutazama pembeni kulimkosesha Milembe raha. Mwanamke wa Bukundi, tena wa kutwangiwa! Safari iliyofuata alichanganya pilipili kichaa kwenye fungu lile.

Shigela alirudi na vumbi hadi kwenye kope. "Milembe, uliweka pilipili?"

"Nani kalalamika?"

"Siwezi kumtaja. Niliahidi."

"Basi huyo ndiye akufungie chakula." Shigela akaondoka. Moyo ulimuuma Milembe, lakini hakumwita arudi.

Jumamosi lori la pamba lilimshusha Bibi Kwandu mbele ya meza. Milembe akapiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniunguza fizi?"

Milembe akainuka, akamsogezea kigoda.

"Safari mbili sasa kijana wako ananiletea karanga, anakuposa. Nikamwambia akikudokeza tu, hakupati. Nilitaka nione kama ana kifua." Bibi akajifuta mdomo. "Anacho. Yuko wapi?"

Shigela alikuwa juu ya lori la kwenda Bukundi, na paketi za biskuti za dukani.

"Hizo zitaisha leo leo," Milembe alisema, amesimama chini ya lori. "Nisamehe." Akampa kifurushi.

Shigela akakifungua. Mafungu mawili, kila moja na karanga zake. "La pili la nani?"

"La mke wako. Bibi ameshakaa mbele kwa dereva. Nipe mkono nipande."

Shigela alizinusa karanga kwanza, ndipo akanyoosha mkono.