Nijadilini Nikiwepo

"Tupo kumi na wawili," alisema Mzee wa Simu, "lakini pumzi nazisikia kumi na nne. Nani hajajitaja?"

Mkasi wangu ukasimama katikati ya kitambaa.

Mzee wa Simu ndiye mwenyekiti wetu. Alipokea simu za ofisi miaka thelathini bila kuona hata namba moja, na masikio yake hayadanganyiki. Chama chetu hukutana kila Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa. Sisi ni watu tulioachwa na macho, wengine kabisa, wengine nusu nusu. Tunacheza drafti, tunafundishana kutembea na fimbo nyeupe, tunasengenya kidogo, tunachekana sana. Sheria yetu ni moja tu: ukiingia jitaje, ukitoka sema unatoka. Mwenye macho akikaa kimya katikati yetu, kwetu ni sawa na mtu aliyejificha chumbani kwa watu nyuma ya pazia.

"Ni mimi," ikajibu sauti ya kiume karibu na mlango.

Nilitamani niwe nimeifananisha. Alikuwa Mwalimu, mchumba wangu.

"Na wa pili?" Mzee akauliza.

"Dada yake," akasema mwanamke, kwa sauti ndogo.

"Mmeingia muda gani?" Hapo niliuliza mimi.

"Kama nusu saa," alisema Mwalimu.

Nusu saa. Mimi ni fundi cherehani, presha ya macho iliniibia nuru nikiwa na miaka ishirini na saba, na bado nguo nakata mwenyewe, kwa futi niliyoitia vifundo vya uzi kila inchi. Hilo sikuona vibaya walitazame. Lakini katika nusu saa hiyo nilikuwa nambembeleza mwenzetu mpya, mpishi wa shule, aliyekuwa analia tangu aingie. Ili asijione yuko peke yake, nilimwambia jambo ambalo hata Mwalimu sijawahi kumwambia: kwamba kila asubuhi nikifumbua macho bado nasubiri kuona dirisha, nisipoliona nalia, kisha nanawa uso na kwenda kazini. Nililisema kwa sababu nilijua nani yumo chumbani. Kumbe sikujua.

Na aliyesikia ni wifi yangu mtarajiwa, yule yule aliyekuwa akiuliza kwao kama kaka yake anaoa mke au anaoa mgonjwa.

"Nilitaka akuone unavyofanya kazi," Mwalimu alianza kujitetea. "Nikimtambulisha angejibaraguza tu na kukusifia kwa huruma. Nilitaka akuone ulivyo. Najivunia wewe, Fundi."

"Umenianika mezani kama kitambaa, umemwita mteja aje akague."

"Sikuwa na nia mbaya, mpenzi."

"Nia yako siijadili. Tokeni. Na mkitoka, semeni mnatoka."

Wakasema. Mzee wa Simu akahesabu pumzi upya, akanigusa bega, akaniambia gauni la watu halitajikata lenyewe.

Wiki ile Mwalimu alipiga simu mpaka jirani yangu akajua mlio wake. Sikupokea. Akahamia kwenye ujumbe. Sasa, simu yangu hunisomea ujumbe kwa sauti ya mwanamke asiyejua mapenzi wala pumzi, na Mwalimu ni mtu wa kupamba. Basi niliketi kwenye cherehani nikisomewa hivi:

"Mpenzi wangu nukta nukta nukta sijalala nukta nisamehe alama ya mshangao uso unaolia uso unaolia moyo uliopasuka moyo uliopasuka moyo uliopasuka."

Nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika kwa kuchekeshwa. Nilimpenda, nisidanganye. Nilimpenda kwa sauti yake ya darasani na kwa jinsi anavyonisomea magazeti mpaka matangazo ya vifo. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonichosha roho. Dukani alinijibia. Hospitali alinijibia. Barabarani alinishika kama yai. Kile kimya chake cha mlangoni kilikuwa mtoto wa tabia hiyo hiyo, na mimi sikutaka kuolewa na mtu wa kunitazama kwa siri na kunisemea hadharani.

Ijumaa akapiga dada yake. Nilipokea kwa sababu namba sikuitambua.

"Wifi, usikate," alisema. "Nimekosa mimi. Nilijua kabisa kwamba hamjui tupo, nikanyamaza. Tangu siku ile naona aibu."

Nikamwuliza kama hilo tu ndilo alilopigia.

"Hapana. Jumapili mchana mama ameita kikao cha nyumbani. Wanakujadili wewe. Mama amekataa katakata, na kaka anasema asipokuoa wewe haoi. Nimeona ujue."

Nilimshukuru. Jumapili nikavaa gauni langu la kijani, rangi niliyoikumbuka vizuri, nikachukua fimbo yangu, nikatoka. Kwao nilikuwa nimeshafika mara nyingi, lakini siku zote nikiwa nimening'inia mkono wa Mwalimu. Safari hii nilikwenda mwenyewe. Njia panda ya kwanza, harufu ya duka la viatu, mtaro uliofunikwa vibao, barabara kubwa nikasubiri magari yapungue, nikavuka. Nilihesabu nyumba kwa mageti. Kwenye lango lao nilikuwa natweta na nimenyooka kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Hodi. Ni mimi, Fundi."

Mazungumzo ndani yakakatika.

"Nimesikia mnanijadili," nikasema. "Nijadilini nikiwepo."

Kiti kilisukumwa. Mwalimu alikuwa ameshainuka kuja kunishika. Nikainua mkono, akasimama alipo. Nikatafuta kiti mwenyewe, nikaketi.

Mama yake hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Mwanangu, sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini nyumba ina moto, ina maji yanayochemka, na Mungu akijalia itakuwa na watoto. Mtu asiyeona ataishikaje?"

"Yangu naishika mwaka wa tatu sasa, mama. Napika, nafua, nawashonea watu sare na magauni ya harusi. Watoto wakija, nitawajua kwa mikono na masikio. Kama kuna swali jingine, niulize mimi, usimuulize mwanao."

Alitaka kujua nikiugua nani atanitazama. Nikamjibu kwamba mwanawe akiugua nitamtazama mimi, naye vivyo hivyo, na kwamba ndoa za wenye macho nazo ziko hivyo. Wifi alijikohoza kuficha kicheko. Kisha nikamgeukia Mwalimu.

"Na wewe. Kosa lako ni nini? Sema hapa, mbele ya mama yako."

Nilimsikia akisogea hatua moja karibu.

"Nilikutazama bila wewe kujua," akasema. "Nikajiambia ni mapenzi. Lakini nilichukua kitu chako bila kuomba. Na siku zote nimekuwa nikikusemea, kana kwamba huna mdomo. Nimekoma, Fundi. Ukitaka msaada utaniambia."

"Nimekusamehe," nikasema, na machozi yalikuwa karibu. "Ndoa ni mpaka mama yako aridhike. Siingii nyumba ya watu kwa kusukuma mlango."

Mama akainuka akisema chai itapoa, akaanza kumimina. Nikasikia mdomo wa birika ukigonga kikombe mara mbili, ukikitafuta. Chai ikaingia, sauti ikapanda, ikapanda, ikafika ukingoni, na yeye akaendelea tu, mpaka ikamwagika kwenye sinia.

"Mama, mawazo yako yako wapi leo?" wifi akauliza.

"Ni huyu mgeni amenichanganya."

Wote wakacheka, wakaamini. Mimi sikuamini. Mwaka mzima kabla sijawaambia watu kwamba macho yananiisha, hivyo ndivyo nilivyokuwa namimina mimi, na visingizio nilikuwa navyo tele.

Hapo nilikuwa na ushindi mkononi. Neno moja tu, na hoja yake yote ingeanguka mbele ya watoto wake. Lakini wiki moja nyuma mimi ndiye niliyevuliwa nguo mbele ya watu bila kuulizwa, na uchungu wake nilikuwa nao bado. Nikasema tu, "Mama, naomba nikusaidie kurudisha sinia jikoni."

Tulipofika jikoni nikaurudisha mlango.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

"Mimi nilikuwa nasema taa za nyumba zimekuwa mbovu."

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye karai.

"Tangu mwaka jana," alisema hatimaye, kwa mnong'ono. "Pembeni hakuna kitu. Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba."

"Nani anajua?"

"Hakuna. Ningemwambia nani? Kila ukija hapa na fimbo yako, najiona mwenyewe ninakokwenda. Ndiyo maana sikutaka uje. Si wewe, mwanangu. Ni woga."

Nikamshika mikono. Ilikuwa imelowa chai. Nikamwambia ukweli wote kama daktari alivyoniambia mimi: kesho asubuhi hospitali, bila kukosa, kwa sababu nuru iliyokwisha kwenda hairudi, lakini iliyobaki huenda ikaokolewa. Mimi nilichelewa kwa kuficha. Na huko anakokuogopa kuna watu. Wanacheka mno, na wanaiba kete za drafti.

"Utawaambia hao huko nje?"

"Hilo ni lako, mama. Utalisema siku utakayotaka, kwa mdomo wako."

Alilia kidogo, kwa heshima, kama anavyofanya kila kitu. Akajifuta kwa kanga. Kisha akauliza, kwa haya ya msichana, "Huko kwenu, mkitembea, mnashikana vipi?"

"Unanishika hapa, juu ya kiwiko. Mimi natangulia nusu hatua. Nikisimama, unasimama."

Akanishika. Tukafungua mlango, tukatoka kuelekea sebuleni, na nikasikia wote wakinyanyuka vitini.

"Mama amemshika mkono," wifi alinong'ona.

"Huyu ndiye mkwe wangu," mama akatangaza. "Pangeni siku, na asiniulize mtu kwa nini nimegeuka."

Walishangilia, wakipongezana kwa jinsi mama alivyoniongoza vizuri kutoka jikoni. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya kiwiko changu, nusu hatua nyuma yangu. Nikainua kichwa na kumpeleka mpaka kwenye kiti chake.