Picha Isiyo na Macho

Twalibu, fundi cherehani wa Gongoni, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuwa na nyumba ya bati na mdomo mrefu kuliko njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Alichokosa ni picha ya ukutani, kama za Wazungu. Mkewe, Mwanamkuu, alishakataa: chenye sura ya kiumbe hakiingii ndani mwake.

Basi Mzungu mmoja wa bomani alipokuwa anarudi kwao Uingereza, vitu vyake vikanadiwa, na Twalibu akaibuka na fremu kubwa yenye kioo. Ndani, karatasi ya kuchapwa kwa mashine: mabaka mekundu, mistari myeusi, njano imemwagwa ovyo.

"Haya, mama Kulu, nitafutie jicho humo," akamtania mkewe. "Ukiliona, naitafuna fremu."

Mwanamkuu alitafuta. Hakuliona. "Uchafu mtupu," akasema. "Tundika."

Watu wakamiminika kuja kuitazama, naye Twalibu akawaeleza maana ambayo hata yeye hakuijua.

Kisha paka wao, aliyezoea kulala chini ya picha ile, akaanza kujigonga kwenye miguu ya meza. Macho yake ya kijani yalikuwa yamegeuka meupe kama yai la kuchemsha. Na kwenye kona ya picha, ndani ya njano, palikuwa na vitone viwili vya kijani.

"Baba Kulu, hivi havikuwepo."

"Vilikuwepo. Wewe umezoea kutazama sufuria."

"Itoe leo. La sivyo mimi na mwanangu tunakwenda kwa kaka yangu Urambo."

"Nendeni. Picha inabaki."

Akarudi barazani kwenye cherehani yake, anacheka. Mwanamkuu akaingia chumbani kufunga nguo. Kuluthumu, mtoto wao wa pekee, alibaki mkekani sebuleni, akiutazama ukuta na kuchekacheka.

Kisha akanyamaza.

Jua la mchana lilijaa mlangoni. Twalibu alimkuta akipapasa mkeka, kikombe kiko mbele ya goti lake. Macho meupe. Na katikati ya baka jekundu, macho mawili meusi. Yana kope. Yamelowa. Alikwenda kushoto, yakamfuata. Kulia, yakamfuata.

Akachukua nyundo. Akainua mkono.

Nyuma yake mtoto, uso kaugeuzia mlangoni, akanong'ona, "Baba, usinipige na nyundo."

Twalibu aligeuka, nyundo bado iko juu. Mwanamkuu alikuwa ameshatoka chumbani. Akamshika mumewe mkono, taratibu.

"Usiivunje," akanong'ona. "Ni macho ya mwanangu."

Picha ipo mpaka leo. Kila asubuhi Mwanamkuu anakifuta kioo kwa kanga laini. Jioni kimelowa tena.

Kwa ndani.