Miwani ya Jua Kwenye Karakana ya Mbarak

Wiki ile, mwanangu Kadzo akitoka shule hakuja nyumbani moja kwa moja. Alipitia karakana ya fundi Mbarak, hapa kwetu Kikoneni, kuona magoli ya chuma ya timu yao ya wasichana yakichomelewa. Kadzo ndiye golikipa, na mechi ilikuwa Jumamosi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kipa wangu. Geuka utazame barabara. Nikiwasha, mwanga huu hautazamwi."

Akageuka, amenuna.

Mimi huwahofia watoto mno, hata wakila samaki nawatolea miiba. Kadzo aliponieleza habari za mwanga huo, nilifungua sanduku langu. Mimi huuza miwani ya jua kwa wageni ufuoni Galu. Nikamchagulia iliyo nyeusi kuliko zote.

"Vaa hii, mama. Mwanga hautakupata."

Alhamisi Kadzo akasimama nyuma ya Mbarak na miwani yake, akautazama ule moto mpaka kazi ikaisha. Mbarak alikuwa ndani ya maski yake ya kuchomelea, hakumwona. Mtoto akarudi anacheka, "Mama, hauumizi hata kidogo."

Usiku macho yakaanza kumwasha kama yametiwa mchanga. Yakawa mekundu, yakatoka machozi, akashindwa kuyafumbua.

"Mama, Jumamosi nitauona mpira?"

Nikamfuta machozi kwa ncha ya leso.

Asubuhi tukaenda hospitali. Daktari akauliza alivaa nini, nami nikatoa miwani mkobani. Akaiinua dirishani.

"Mama, hii ni ya jua la ufuoni. Moto wa kuchomelea una miale mikali usiyoiona, na miwani hii haitoshi kuizuia. Tena imemdanganya. Angekuwa hana kitu usoni, angegeuka mwenyewe."

"Atapona?"

"Ameungua juu juu tu. Mtie matone haya, apumzike gizani, asifikiche. Kesho akifumbua bila maumivu, acheze."

Mbarak alikuja nyumbani mbio, masizi mikononi. "Dada Rispah, si ungeniuliza? Maski ina kioo chake maalumu. Mimi nikiikosa, kazi inalala."

Jumamosi asubuhi Kadzo akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akanitazama.

"Mama, leso yako ina doa la mchuzi."

Sijawahi kufurahia doa namna ile.

Walishinda mabao mawili kwa moja. Lile moja lililomwingia, wenzake wasema ni macho, yeye asema ni upepo. Mbarak alikaa nyuma ya goli, maski kichwani.

"Mjomba, waogopa mpira?" wasichana wakamtania.

"Naogopa mateke yenu." Kisha akawaita karibu. "Sikilizeni. Mkipita karakanani, kaeni mbali na cheche, na macho yenu yatazame barabara. Anayetaka kuona kazi aniambie kwanza. Nimetundika maski ya pili mlangoni."

Nami wageni wakiniuliza miwani yangu yafaa kwa nini, nawaambia: kwa jua la Mungu tu. Lile la Mbarak lina maski yake.