Sauti ya Kanda Iliyochakaa

Walikutana kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, mwaka wa 2005, katikati ya ng'ombe wa maziwa, vumbi na harufu ya mahindi ya kuchoma. Wahu, fundi wa redio, alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu na hereni nyekundu, akijaribisha gitaa kwenye kisanduku cha kubadilisha sauti alichokiunda mwenyewe. Ukikikanyaga, gitaa lililia kama kanda ya kaseti iliyochezwa hadi ikachakaa: sauti inayumba kidogo, inakwaruza, inakukumbusha mtu.

"Madam, hiyo kitu inaria vizuri, bana!" akasema kijana mmoja mwenye viatu vyeupe pe.

"Inalia," Wahu akamrekebisha, akicheka.

"Ilie ama irie, mimi imenimaliza."

Huyo alikuwa Wekoye, mpiga gitaa wa Bungoma. Aliondoka na kisanduku pamoja na namba ya simu ya Wahu. Kwa miaka miwili alikipiga Kimilili, Lugulu, hadi Kwanza, na kila jioni simu ikawa ni "Umekula, mpenzi?" na vicheko visivyoisha. Watu walimtambua kwa sauti ile kabla hawajamwona uso.

Kisanduku kilipoanza kulegea, Wekoye alimrudishia Wahu. "Nitengenezee ingine ngumu, dia. Lakini sauti isibadilike, tafadhali."

Wahu alikibomoa kile cha kwanza apate vipuri. Kusema kweli, mkwaruzo ule alikuwa akiuonea haya. Aliuona kama kasoro ya fundi mwanagenzi. Akauondoa, akaondoa na kule kuyumba, akafunga kila kitu ndani ya bati linalong'aa.

"Sauti ni ile ile," akamwambia.

Kwenye harusi ya Nabwile, dadake Wekoye, gitaa lilitoka safi na baridi. Waliokuwa wakicheza wakarudi vitini mmoja mmoja. Wakoli, kiongozi wa bendi, akamwondoa Wekoye jukwaani, mamake akiona.

"Wahu, ni hii kitu ama ni mimi?" Wekoye akanong'ona, jasho likimtiririka.

Wahu alitazama pindo la gauni lake la zambarau. "Labda ni vidole, mpenzi. Umechoka."

Maneno hayo yalimfuata hadi Kitale. Simu ya Wekoye ikilia, hakuishika. Wiki ya tatu ukaja ujumbe: Jumamosi angeaga bendi. Wahu alikuwa peke yake dukani, lakini uso ulimwaka kana kwamba mji mzima unamtazama. Siku zilizobaki alichomelea waya za kisanduku kingine, akiitafuta ile sauti kwa kumbukumbu tu.

Jumamosi akaingia ukumbi wa mazoezi wa bendi, Bungoma.

"Si vidole vyake," akamwambia Wakoli mbele ya wote. "Ni mimi nilibadilisha sauti, halafu nikamdanganya."

Wekoye hakumsogelea. "Wiki tatu, Wahu. Wiki tatu naangalia hii mikono kama ya mtu mwingine."

"Najua. Sina la kujitetea. Nisamehe."

Wekoye alikanyaga kisanduku kipya alicholetewa, akapiga kidogo. "Bado. Inayumba haraka." Akavuta kiti. "Kaa hapa. Mimi napiga, wewe rekebisha."

Wakashinda hivyo hadi saa kumi, wakiongea machache, mpaka Wakoli akaacha chai yake na kushika besi.

"Ukikosea tena, niambie siku hiyo hiyo," Wekoye akasema.

"Nitakuambia."

"Hata tukishaoana."

Wahu akainua macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ati tukisha nini?"

"Si umesikia? Usinifanye nirudie mbele ya Wakoli."