Taa ya Mwitaliano

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka Kasulu, na Mwitaliano mjenzi wa barabara alikuwa anauza vyombo vyake arudi kwao. Watu walijaa pale nyumba ya wageni kana kwamba inagawiwa sukari. Zena, binti wa Mzee Dadi mwenye duka, opereta wa simu pale posta, akaiona taa ya mezani: shina la chuma limenyooka, kofia ya rangi ya chungwa, mviringo kama uyoga. Akaishika. Mkono mwingine nao ukaishika.

“Mwakeye, dada,” mwenye mkono akamwamkia kwa Kiha. Hilali huyo, fundi bati wa Kibondo, ndani ya suruali ya bugaluu na shati la kubana. Kijana mtanashati, jamani, acheni tu! “Hii ni ya umeme. Kwenu mna umeme?”

“Hatuna. Kwani kwenu upo?”

“Haupo.”

“Basi niachie mwenzio.”

Taa akaiachia, macho hakuyaachia. Zena akalipa, naye akamsindikiza huku akimsimulia aliyoyasikia kwa mpishi wa Mwitaliano. Taa hiyo waliibuni mtu na mkewe, huko Milano. Mume alitaka inyooke, mke alitaka iviringike, wakanuniana mpaka chakula kikawa kinapoa mezani. Mwisho mume akapewa shina, mke akapewa kofia.

“Ndiyo ndoa hiyo,” Zena akacheka, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Moyo wake ulikuwa umekwisha kwenda.

Tangu hapo simu ya Kibondo haikupumzika.

“Kasulu hapa, sema.”

“Sema wewe, asali.”

“Hilali! Mwenzangu Epifania anasikia.”

“Asikie. Na siku ukinuna anipigie yeye.”

Akishaweka simu chini Zena alibaki ameduwaa. Aliiona Milano, mji asioujua, dirisha limejaa mwanga wa rangi ya chungwa, mtu na mkewe wameinamia meza moja. Alipowatazama vizuri, nyuso zilikuwa zao, yeye na Hilali.

Lakini Mzee Dadi alikuwa na posa nyingine mkononi, ya mfanyabiashara wa Ujiji, na jibu lilikuwa litoke Ijumaa. Hilali akaja Kasulu, akasema, “Nipe taa niitie kikopo cha mafuta na utambi. Nitairudisha inawaka, pamoja na washenga wangu.” Zena akampa.

Kule Kibondo fundi akafanya kama afanyavyo kwa koroboi zote: akalehemu kikopo juu ya shina, akapitisha utambi, akawasha, akafunika kofia. Chumba kikawa dhahabu tupu. Akakaa akaiota harusi yake. Alipozinduka, kofia ilikuwa inadondokea mezani kama uji. Plastiki! Maisha yake yote ametengeneza taa za bati. Hakudhani kuna mtu duniani angeunda taa isiyostahimili moto.

Aibu ikamfunga mdomo. Zena akipiga, anatuma watu wa posta waseme hayupo.

“Keshapata mwingine, na taa yangu kampa,” Zena alilia.

“Wanaume wa Kibondo hao!” Epifania akasonya.

Alhamisi Zena akapiga mara ya mwisho. “Mwambieni fundi, kesho baba anawajibu wa Ujiji.”

Hilali akaja mbio posta ya Kibondo, akashika simu, anahema.

“Nani unayemwashia taa yangu?” Zena akamfokea.

“Hakuna, mpenzi. Imeyeyuka. Nimeiyeyusha kwa mikono yangu. Nikaona haya kuja kwenu mikono mitupu.”



“Mjinga wee!” Zena akalia huku anacheka. “Mimi nakufa huku, wewe umekaa matanga ya plastiki? Nakupenda wewe, Hilali! Kesho asubuhi washenga wawe hapa!”

Wakafika. Mzee Dadi akawaka: binti yake kwa fundi makopo, na mfanyabiashara wa Ujiji yupo! Ila kuulizwa bibi harusi ni sheria. Mshenga akasogelea pazia, akamuuliza Zena kama anaridhia, na mahari yake anataka nini.

“Naridhia. Mahari yangu ni taa, aitengeneze yeye mwenyewe.”

“Kama ya Mwitaliano?” baba akadakia.

“Ya bati, baba. Haiyeyuki.”

Mzee Dadi akaagiza wageni waletewe kahawa, na Ujiji wapelekewe jibu kwamba binti keshaposwa.