Kidole cha Jumamosi

Prado nyeusi iliruka tuta la Keumbu bila kupunguza mwendo.

Nyuma yake, Probox ya Thadeus Nyamongo ililia kama mbuzi anayekatwa shingo.

"Inzi Tatu, uko wapi?" Redio ya Motorola ilikwaruza. Ni Madam Persis, mkuu wake, kutoka Nairobi.

"Namfuata Rausch. Anaelekea upande wa Nyamira."

"Na hicho kikapu chako?"

"Kinakimbia, Madam."

"Kinakimbia au kinasukumwa? Sikiliza. Saa sita kamili orodha inaondoka. Ikiondoka, watu mia nane wamekwisha."

Nyamongo aliangalia Casio yake. Saa tano kasorobo.

Aliwajua hao mia nane. Mmoja wao alikuwa Mokeira, mke wake.

Miezi saba iliyopita Rausch alikuja kutoka ng'ambo na simu za bure kwa wakulima wa chai. Ndani mlikuwa na mchezo mmoja. Majani yanaanguka kwenye kioo, wewe unatelezesha kidole, unachuma mawili na kichipukizi chake, unatia kikapuni. Watu walicheza mpaka ugali ukaungua. Hawakujua kwamba simu inawapima: kidole kinachelewa wapi, kinatetemeka wapi, kinachoka lini.

Upo ugonjwa wa kutetemeka, unaoufunga mwili polepole. Kidole kinausema miaka mingi kabla ya daktari kuuona. Tiba hakuna.

Rausch hakutaka kuwaambia wenyewe. Alitaka kuwauza. Wanunuzi walikuwa na dawa ambayo kwao ni marufuku kuijaribu kwa mtu. Wangekuja na gari la kliniki, tabasamu na sindano.

Wiki iliyopita Persis alimsomea kipande cha orodha kilichonaswa. Jina la Mokeira lilikuwa na alama nyekundu.

Nyamongo hakumwambia mkewe. Angeanzia wapi?

Walipita Nyamira mjini. Lami ikaisha. Karibu na Nyaramba, Prado ilikata kona na kusimama mbele ya kituo cha kupimia majani ya chai.

Hapakuwa na mtu. Jumamosi hakuna anayechuma huku. Nyimbo za Wasabato zilivuka mabonde kutoka kanisani. Rausch aliichagua siku hiyo makusudi.

Mzungu aliruka nje na kufyatua. Kioo cha Probox kikamwagika.

Nyamongo alijibu kwa Glock. Mita ishirini, bega la kulia. Zamani shabaha hiyo angeipiga akitafuna muwa.

Risasi ilikwenda zake.

Ya pili pia.

"Mzee!" Rausch alicheka. "Wewe lenga mimi ama lenga mlima?"

Nyamongo alishika usukani. Alikanyaga mafuta. Probox ilimbana Rausch kwenye ubavu wa Prado, mguu ukalia kama kuni kavu. Alimpokonya bastola na kumfunga pingu kwenye bampa.

Ndani ya kituo alikuwepo msichana mmoja, mikono juu.

"Jina?"

"Cynthia Bosire. Wa Magwagwa. Mimi ndiye niliyeandika huo mchezo. Aliniambia ni wa kusaidia hospitali."

"Wote mnaambiwa hivyo." Alimfunga pingu kwenye nguzo ya mizani, mikono yote miwili.

Mezani palikuwa na tableti ya Samsung. Namba zilikuwa zinashuka. Dakika saba.

"Nikiipiga risasi?"

"Orodha iko kwenye mitambo ng'ambo. Hii ni kufuli tu. Ukiivunja, inatuma."

"Inafunguliwaje?"

"Chora duara kwa kidole, polepole, bila kuinua. Halafu mstari kushuka chini. Ukikosea mara tatu, inatuma pia."

Nyamongo alichora. Kioo kikawa chekundu.

Alipumua. Akachora tena, taratibu kama anayemvisha mtoto shati.

Chekundu.

Alimgeukia na Glock. "Unanidanganya."

"Yaya, tata." Alikuwa amekwisha kuacha Kiswahili cha ofisini, sasa alikana na kumwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Sikudanganyi. Weka bunduki chini, halafu tuangalie mkono wako."

Aliuweka mezani. Kidole gumba na cha shahada vilisuguana vyenyewe, taratibu, kama vya mzee anayesokota ugoro. Alikuwa ameviona miezi mingi. Alilaumu usukani wa Probox.

"Kwenu mna simu ya Rausch?"

"Ya mke wangu. Mokeira. Keumbu."

Cynthia alifumba macho.

"Faili hiyo ilinisumbua, tata. Siku sita kidole ni kizima, kinachuma kama kilizaliwa shambani. Jumamosi kinakufa. Kila Jumamosi. Nilimwambia Rausch hapo kuna watu wawili. Huku simu ni ya nyumba, si ya mtu. Akasema mashine yake haikosei."

Mokeira ni Msabato. Ijumaa jua likizama, simu inaingia kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, mpaka jua la Jumamosi lizame. Na Nyamongo, aliyeacha kanisa zamani, huitoa mkewe akishatoka tu. Anakaa na chai yake, anacheza. Hajawahi kumfikia kwa pointi. Alidhani ni uzee.

Kwanza ilikuja furaha. Mokeira ni mzima.

Kisha yakafuata yale mengine.

"Dakika mbili, tata."

Alitoa ufunguo wa pingu. Uligonga chuma huku na huku, haukupata tundu. Cynthia aliuchukua kwenye vidole vyake, akajifungua mwenyewe.

Akachora. Duara. Mstari.

Kijani.

Kidole chake kilisimama juu ya neno FUTA. "Wengine humu wanaumwa kweli. Nikifuta, hawatajua."

"Wakijua waende wapi?"

Kule kanisani walimaliza ubeti, wakaanza mwingine.

"Sijui," Cynthia alisema.

"Basi futa."

Majina mia nane yalifutika kimya. Sekunde kumi na tisa zilikuwa zimebaki.

Redio ilikwaruza. "Inzi Tatu?"

"Imefutwa, Madam. Rausch ana pingu na mguu mmoja."

"Safi sana. Jumatatu nakutaka Isebania, mpakani. Utakuwa juu ya paa na bunduki ya masafa. Hakuna mwingine ninayemwamini kwa shabaha hiyo."

Nyamongo aliitazama Glock.

"Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Mbona sauti hivyo?"

"Vumbi, Madam."

Alizima redio. Alitoa risasi kwenye Glock, moja moja. Mbili zilianguka na kuviringika chini ya mizani. Hakuinama kuziokota.

"Utamwambia mama?" Cynthia aliuliza.

"Simu iko kabatini mpaka jioni."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Alitia mkono wa kulia mfukoni na kutoka nje.

Rausch alikuwa chini, uso mweupe kama chokaa, lakini mdomo wake ulikuwa bado mzima.

"Mzee! Hujaniambia. Ulilenga mimi ama mlima?"

Nyamongo alimpita bila kupunguza hatua.

"Mlima," alisema.