Mlango wa Karatasi wa Bitutu

Rafiki yangu Bitutu, fundi seremala wa Uriri, mkaidi kuliko hata mimi, aliagizwa kutengeneza nyumba ya mdoli ya Kijapani na vifaa vyake: mikeka ya kuenea kiganjani, meza fupi, milango ya karatasi ya kusukuma kando.

Jirani yake Nyangi akamkanya. "Dada, unatandika mikeka na mwenye nyumba hajaingia? Nyumba itaingiwa na mwingine. Choma!"

"Choma yako."

Mchana mvua ikaleta giza, mabati yakanguruma. Iliponyamaza, Bitutu akasikia karatasi ikikwaruza. Mlango mdogo ulikuwa unajifunga.

"Wewe umeingia bila hodi!" akafoka. "Kesho hii nyumba inaenda Homa Bay kwa aliyeiagiza. Toka!"

Kisha karatasi ikaanza kulowa kwa ndani, ikifura na kunywea polepole, kama mtu anapumua.